Macho Uliyomwazima Bibi

Skola mwanangu,

Pamoja na barua hii utakuta bahasha ndogo ya kaki. Usiifungue ndani ya basi. Abiria wa pembeni akichungulia akaona jozi ya macho inamtazama kutoka mapajani mwako, atapiga kelele, dereva atasimamisha gari, na mimi sitakuwepo kueleza. Mpe daktari wa Dar. Mwenzake wa Morogoro ndiye aliyeyaagiza.

Habari za nauli, chakula na watu wa kukaa nao mbali, mama yako amekwisha kuzisema, na kesho atazirudia mpaka mlango wa basi ufungwe. Hapo sina la kuongeza. Nimekaa sebuleni peke yangu. Nyinyi mmepanda Matombo kuwaaga ndugu, na ukungu umeshuka mchana mchana mpaka mgomba wa nje ya dirisha nausikia tu majani yake, siuoni. Mlima wote umeondoka. Nyumba imebaki na watu wawili, mimi na Bibi yako ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu tumtundike pale, anayetazama ni mimi peke yangu.

Nitafika huko. Kwanza lile neno lako.

Siku ulipolitamka hapa nyumbani tulikuwa tunakula. Mjomba wako Kalisti alikuwepo, kama ilivyo kawaida yake panapopikwa, na Mama Mkubwa Agripina, ambaye kwa kuwa ndiye dada mkubwa wa mama yako huona kila sahani ni haki yake kuikagua.

“Inaitwa blefaroplasti,” ukasema.

“Blefaro nani?” Mjomba akauliza. “Padri mpya?”

“Upasuaji wa kope, Mjomba.”

Mama Mkubwa akalirudisha tonge sahanini. “Kope za kupasuliwa tena? Si ubandike kama wenzako, mwezi ukiisha zidondoke zenyewe?”

Wote wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nataka ujue kwamba nilicheka kwa sababu niliogopa. Mwanamume wa umri wangu akiogopa neno hulicheka kwanza, halafu hujifanya alilijua tangu zamani. Wewe hukucheka. Uliinua kidevu, kama unavyofanya siku zote ili kuniona chini ya kope zako, ukanitazama mpaka nikaomba maji ya kunywa.

Wiki haikuisha, neno likawa limefika sokoni Mkuyuni. Fundi viti akasema sofa la mwalimu mkuu halihitaji kitambaa kipya, linahitaji blefaro. Mama muuza nyanya alipozipanga nzuri juu na mbovu chini, mteja akamwambia, “Hizo umezifanyia blefaro, mama, nazijua.” Mwendesha pikipiki aliyeziba tundu la kiti kwa gundi naye akasema hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa pale na kamera yangu, najifanya nafuta kioo. Neno lako la maumivu lilikuwa limekuwa la kila mtu, na halikumuuma yeyote. Watayafanyia hivyo mengi utakayowaambia. Lenye kukuuma, lipeleke kwanza kwa mtu mmoja.

Basi nikaona aibu, nikakusindikiza Morogoro mjini kwa yule daktari wa macho. Ulikuwa umekaa kwenye kiti kirefu, ameweka kidole juu ya nyusi zako, nami nikamuuliza neno lenyewe maana yake nini, maana nilichoka kulisikia likitumiwa kwa nyanya.

“Ni la Kigiriki cha zamani, mzee,” akasema. “Blefaro ni kope. Plasti ni kufinyanga.”

“Kufinyanga kama chungu?”

“Kama chungu. Ila huyu hatumchomi.”

Nilimpenda kidogo kwa hilo. Akaendelea kusema watu hulitumia neno hili kwa mambo mengi. Yupo mwenye vifuko chini ya macho, anataka aonekane kijana, nalo ni hilo. Yupo mwenye ngozi ya juu iliyolegea mpaka imefunika mboni, haoni sawasawa, nalo ni hilo pia: ngozi ya ziada hukatwa, kope hushonwa. Lakini kama msuli wa kuinua kope ndio uliochoka, hiyo ni kazi nyingine yenye jina jingine, ingawa mtaani wataita jina lile lile.

“Na binti yangu?”

“Ana vyote viwili. Ni jambo la ukoo. Kuna mtu kwenu alikuwa na kope hizi?”

Tukatazamana, wewe na mimi. Daktari akadhani hatukusikia, akauliza jambo la pili, ambalo ndilo limetufikisha hapa: “Mnayo picha yake ya zamani? Kabla kope hazijashuka? Wataihitaji kule Dar, wajue macho yake yalikuwaje. Wasije wakamtengenezea macho ya mtu mwingine.”

Ulinigeukia. Mimi fundi picha wa Mkuyuni nzima, niliyepiga kipaimara, ndoa, vitambulisho na mbuzi wa maonyesho, sikuwa na picha moja ya mtoto wangu yenye macho yaliyofunguka vizuri. Nilizokuwa nazo, filamu zake ziliota ukungu kwenye unyevu wa huku, na simu iliyokuwa na nyingine ilitumbukia mtoni pamoja na mwenye nayo, ambaye kwa bahati alitoka. Mtoto wa fundi picha huwa hana picha. Ilibaki moja tu. Nayo ilikuwa usoni mwa marehemu.

Nakuandikia yaliyotokea kwa sababu ulikuwa darasa la tatu, na yale unayoyakumbuka umeyapata kwa kusimuliwa na ndugu. Ndugu husimulia vizuri lakini huacha nje kile wasichokipenda.

Mimi ni mtu wa Kisaki, kule treni inakopita na tembo wanakosubiri ipite. Nilikuja huku na kamera moja na mashati mawili, nikamwoa mama yako, nikapewa mahali pa kusimama juu ya ardhi ya ukoo wake. Unajua mambo yetu ya huku: mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba huheshimiwa, hupewa kiti, huulizwa habari za safari, lakini kwenye kikao hana sauti. Ana macho tu. Nimeyatumia.

Bibi yako Felista, mama mkwe wangu, hakutaka kupigwa picha. Nilipoinua kamera tu alifumba macho, kope zile nzito zikashuka taratibu kama pazia la kanisani wakati wa Kwaresima, akasema, “Mkwe, piga sasa.” Nikishusha kamera, anafumbua. Tulicheza mchezo huo miaka yote. Nilishindwa kila mara.

Halafu akafariki, na siku ile macho yake yakakataa kufumba.

Mama zako wakubwa walijaribu. Mkono, kitambaa cha maji ya vuguvugu, sala. Kope zilishuka nusu, zikasimama. Chini yake ukabaki mstari mweupe, na kila aliyeingia chumbani alihisi ndiye anayetazamwa. Mtani wetu mmoja, ambaye kazi yake msibani ni kusema yasiyosemwa, akachungulia akasema, “Mwacheni. Anawahesabu waliokuja mikono mitupu.” Watu wakacheka, na nusu yao wakatoka nje.

Mjomba Kalisti akanijia. “Shemeji, ukoo hauna picha ya Mama hata moja. Akizikwa ndiyo imetoka hiyo.”

Nikapanda juu ya kigoda, nikampiga kutoka juu, amelala. Hakufumba. Ndiyo mara pekee niliyomshinda, na sikujisikia mshindi.

Picha iliporudi kutoka mjini ikiwa imekuzwa, tuliiweka kwenye fremu, tukaisimamisha. Mtu aliyepigwa amelala ukimsimamisha huwa hajalala tena wala hajasimama. Hakuna aliyeweza kula mbele yake. Mjomba akasema, “Wewe si fundi? Mfungue macho.”

Ungesikia maneno hayo leo ungekataa. Mimi nilikuwa kijana, nilipenda kuitwa fundi. Nikakukalisha kwenye kigoda kile kile mlangoni, penye mwanga, nikakwambia utazame huku, usipepese. Hukupepesa. Kila mtu katika ukoo alisema macho yako ni yake, yamepungua miaka tu, nami niliamini nafanya jambo la maana. Picha yako ilipotoka kwa ukubwa ule ule, nilikata ukanda wa macho kwa wembe, nikaubandika juu ya macho yake kwa uji wa muhogo. Ukoo mzima ulikuwa umenizunguka ukitazama. Nilipoinua fremu, Mama Mkubwa Agripina alipiga kigelegele msibani, jambo ambalo halifanywi, akajiziba mdomo.

“Amefunguka,” akasema.

Nawe ukasogea, ukamtazama kwa muda, ukaniuliza, “Baba, sasa mimi natazama na nini?”

Nilikwambia usiwe na maneno mengi. Laiti ningekujibu.

Arobaini ilipofika wakarithisha jina, kama desturi. Mtu wa huku hafi akaenda na jina lake; hutafutwa mtu wa ukoo wa kulivaa. Walikuwapo watu wazima waliolitaka. Lakini kikao hakikuchukua muda, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha kuamua. Wakakuketisha mkekani, wakakumwagia unga kidogo kichwani, wakakuita Felista. Tangu siku ile mama yako mzazi alikuita Mama. Mjomba mwenye mvi alikusalimu shikamoo ukiwa na sare ya shule na kamasi. Na mimi sheria ya ukweni ikanishika: nilikuwa na mama mkwe wa darasa la tatu. Sikuweza kukukemea, sikuweza kukutuma maji bila kuomba radhi. Ulipoligundua hilo ulilitumia vizuri. Sijawahi kuona mtu aliyekwepa kuosha vyombo kwa heshima kubwa namna ile.

Tulicheka nalo miaka mingi. Ndiyo maana hatukuona mapema.

Ulikuwa umemaliza shule ya msingi kope zilipoanza kushuka. Kwanza ya jicho la kulia, ukiwa umechoka tu. Halafu yote mawili, asubuhi mpaka jioni. Ukaanza kutembea kidevu juu, wasiokujua wakasema unaringa. Ukajifunza cherehani, ukashona kidevu juu. Wale wazee wa sokoni waliokuwa wakikupa shikamoo kwa utani wakaanza kukupa kweli, na kupunguza mwendo wakikukaribia.

Na hili sikukwambia, kwa sababu lilikuwa linaniogopesha na halikuwa na faida kwako. Picha ile ukutani ilizeeka. Moshi na unyevu viliifanya ya manjano, paji la uso likapata madoa, kilemba kikafifia. Macho hayakuzeeka. Yalibaki meupe, ya mtoto, yametazama mlangoni bila kupepesa. Kadiri yako yalivyofunga, ndivyo yale yalivyoonekana kufunguka. Nilijiambia karatasi zilikuwa mbili tofauti, yako ilikuwa nzuri zaidi, na ni kweli zilikuwa tofauti. Lakini nilianza kupita sebuleni nikiwa nimeinamisha kichwa, kama inavyompasa mkwe, na nikagundua mama yako naye hufanya hivyo.

Ulikuja kuniambia mwenyewe, mwaka juzi, tukiwa tunaanika maharage. “Baba, nilimwazima macho. Hakurudisha.”

Nilikujibu kwamba marehemu haazimi. Lilikuwa jibu la kitabuni, na sijui lilitoka kitabu gani.

Sasa kikao cha Jumapili. Ulikuwepo, tena ndiwe uliyekaa katikati. Lakini ulikuwa umeipa picha kisogo, na mimi nilikuwa mlangoni, mahali pangu. Niliona usichokiona.

Nilipowaeleza kwamba daktari anataka macho yale, Mjomba alivua kofia akaivaa tena.

“Shemeji, yakitoka pale, Mama atatuona na nini?”

“Na ukoo ukiharibikiwa,” akasema Mama Mkubwa, “ataulizwa nani? Si mtu wa Kisaki?”

“Mtu wa Kisaki ameshazoea kuulizwa,” nikasema.

“Mtoto aende Dar akafanye kazi yake ya kushona, tumembariki. Lakini kope za ukoo hazikatwi, na macho ya Mama hayabanduki. Limekwisha hilo,” Mjomba akasema.

Mama yako alikuwa anatazama mikono yake. Niliona machozi yako yanavyoshuka. Chini ya kope zile hutoka yakiwa yamechelewa, hivyo watu hudhani hulii. Na hapo ndipo mimi, nisiye na sauti kwenye kikao, nikakumbuka kwamba wao wenyewe walikwisha kuniwekea mama mkwe. Nikatoka mlangoni, nikapiga magoti mbele yako.

“Shikamoo, mama mkwe.”

Wakacheka. Hata Mjomba alicheka.

“Marahaba,” ukasema, kwa sauti ya chini.

“Watoto wako wanabishana juu ya macho yako. Wewe ndiwe Felista, walikupa jina mbele yangu, sikuomba mimi. Unasemaje?”

Kicheko kikakatika. Waliona nilikowapeleka. Ama wewe ni Mama yao na neno lako ndilo la mwisho, ama wewe ni Skola na macho yale si ya Mama. Ningeishia hapo ningeona fahari kwa hila yangu, na barua hii ingekuwa fupi.

Uliinua kidevu. “Nipeni macho yangu.”

“Huyo ni Skola anayesema,” Mjomba akasema. “Tunamjua kwa sauti.”

Ukageuza uso kwake taratibu. “Kali,” ukasema. “Ngurumo ikipiga, ulikuwa unajificha ndani ya kanga ya nani?”

Mjomba ni mtu mwenye mvi, mwenye wajukuu, aliyewahi kumfukuza nguruwe pori kwa fagio. Hakuna aliyemwita Kali tangu Bibi afe. Na hilo la ngurumo aliniambia baadaye, tukiwa nje, kwamba hakuwahi kumwambia hata mkewe. “Shemeji,” alisema, “chini ya kanga ile mlikuwa na giza, tulikuwa wawili tu.” Mikono yake ilikuwa inatafuta kofia iliyokuwa kichwani.

Lakini nilichokiona mimi ni hiki. Wakati unasema, niliinua macho nikatazama ukutani, nyuma yako. Macho yale hutazama mlangoni. Najua, niliyabandika mimi. Jumapili hayakuwa yanatazama mlangoni. Yalikuwa yameshuka, yanatazama kisogo chako, kama mtoto anayemsubiri mama yake amalize kuongea na wageni ili waende nyumbani.

Sikukuuliza ulilipata wapi lile la ngurumo. Pengine Bibi alikuhadithia ukiwa mdogo. Bibi hupenda kuhadithia. Sikuulizi hata sasa, na ukirudi likizo usinijibu.

Mjomba ndiye aliyesema mwisho. “Jina libaki kwetu. Macho aende nayo.” Mama Mkubwa akauliza Bibi atabaki na nini ukutani, Mjomba akamjibu, “Na ya kwake. Kwani hakuwa nayo?”

Basi leo, mlipopanda pikipiki tu, nimemshusha. Kabla sijakusimulia, nikwambie jambo moja la kazi, kwa sababu ndilo pekee ninalolijua kwa hakika. Zamani nilimsafisha bibi harusi mmoja wa Matombo kwenye kompyuta ya rafiki yangu mjini. Nilimtoa kovu, nikamtoa madoa, nikamnyoosha pua kidogo kwa kuwa nilikuwa nimejifunza jana yake. Akawa mzuri sana. Mama yake aliipokea picha, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza kwa upole, “Baba, na mwanangu je, picha yake iko tayari?” Tangu siku hiyo naacha kovu. Ukikaa mbele ya yule daktari wa Dar, atakuonyesha nyuso nzuri, na nyingine zitakuwa nzuri kuliko yako. Mwombe akurudishe, asikuongeze. Nataka siku ukishuka stendi nikuone kabla hujaniita.

Na usijione mwenye majivuno kwa kutaka hili. Nimesikia wanaosema mtu aridhike alivyoumbwa. Wengi wao nimewapiga picha. Kila mmoja alinishika mkono kabla sijabonyeza, akasema, “Subiri kwanza,” akaweka sawa kitu fulani.

Nilichemsha maji, nikaishika picha juu ya mdomo wa birika. Uji wa muhogo ukikaa miaka huwa mgumu kama ukucha, lakini mvuke huukumbusha ulikuwa uji. Ukanda ukaanza kuinuka pembeni, jicho la kushoto kwanza. Kule nje ukungu ulikuwa umefika kwenye kizingiti, na jogoo wa jirani alikuwa anawika kama alfajiri ingawa ilikuwa mchana, maskini, hakujua saa. Nilivuta polepole. Nilikuwa najua kitakachokuwa chini. Nilikipiga mwenyewe, nilikiona kila siku ya matanga: kope zilizosimama nusu na mstari mweupe. Nilijiandaa kutazamwa. Hata nilisema, “Hodi, mama,” kama mpumbavu.

Ukanda ulitoka mzima. Haukuchanika hata kope moja. Uko ndani ya bahasha.

Na chini yake, Skola, Bibi amefumba macho.

Amefumba kabisa. Hakuna mstari mweupe. Kope zile nzito zimeshuka mpaka mwisho, zimetulia, kama zilivyotulia kila nilipoinua kamera. Nilikaa chini. Maji yakaendelea kuchemka mpaka birika likakauka, na mama yako atauliza juu ya birika, mwambie sijui.

Kuna maelezo. Uji ukikaa juu ya picha hula rangi. Mvuke ukipita, rangi ya juu huteleza ikashuka, na kivuli cha kope kikishuka kidogo tu hufunika weupe wa jicho. Fundi picha yeyote atakueleza hivyo. Mimi ni fundi picha, nimejieleza hivyo mchana kutwa, na bado sijamwitikia anayenieleza.

Ninachojua ni kwamba nimemtundika tena mahali pake, nimeketi chini yake kuandika, na nyuma ya shingo yangu hakuna kitu. Miaka yote hii sikujua kwamba kulikuwa na kitu mpaka kilipoondoka. Sebule imekuwa chumba cha kawaida, chenye viti.

Daktari wa Morogoro alitwambia jambo uliloliacha likapita kwa kuwa ulikuwa umefurahi. Alisema hatari ya kazi ile ni kukata ngozi kupita kiasi, jicho likabaki wazi hata usingizini. Basi waambie wa Dar, tena waambie mapema, wakiwa bado wanachora kwa kalamu: kufungua ni nusu ya kazi. Jicho linatakiwa lifumbe. Wakikushangaa kwamba unalijua hilo, waambie kwenu yupo mtu aliyekaa wazi muda mrefu, na alichoka sana.

Nawasikia sasa. Pikipiki inakohoa kule daraja dogo, mama yako anampigia mtu kelele kuhusu matope. Nitaikunja barua hii na kuiweka juu ya begi lako, chini ya kanga uliyopewa.

Kesho alfajiri utapita sebuleni na mizigo. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni, mahali pangu. Usinipe shikamoo kwa sauti, mwanangu, na uvue viatu mpaka ufike nje. Mama mkwe amelala.

Baba yako